Kisa cha profesa, bibi wa Majengo na sentensi moja ya kiwanja

Hiki kisa nimekikalia muda mrefu na sasa nakiandika chote, manake kila nikikihadithia kwa mdomo watu wanashika kipande kimoja tu. Nilikuwa ndani yake, sikuhadithiwa. Nilikuwa msaidizi wa profesa kwenye yuniti ya historia simulizi, kazi yangu kugawa wanafunzi makundi, kubeba rekoda, na kusahihisha yale maandishi wanayoyatoa kwenye rekodi. Majina siweki, ya chuo wala ya watu, na nyumba yenyewe sitasema iko upande gani wa Majengo, mtaa wa hapa Mombasa, mtu wa Majengo ukimtajia kona tu ashajua ni kwa nani.

Profesa wetu amefundisha historia Mombasa miaka mingi na tabia yake moja ni kwamba hampi mwanafunzi mtihani wa kukariri tarehe za Fort Jesus. Tarehe utazisoma mwenyewe, anasema, ngome ilianza kujengwa 1593, hiyo haikimbii. Yeye anataka uende ukae na mtu mzima, umsikilize, urudi uandike, halafu ulinganishe ulichosikia na kilichoandikwa kwenye faili za serikali. Na utafiti wake mwenyewe miaka hiyo ulikuwa juu ya mgomo wa 1947, kwa hiyo darasa na utafiti vikawa kitu kimoja, wanafunzi wakawa wanaenda kuuliza yale yale anayoyatafuta yeye. Hapo ndo pazuri, na hapo ndo tulipoteleza pia.

Kwa wasioujua huo mgomo: Jumatatu tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Makuli wa bandarini, watu wa reli, mahoteli, mpaka wafanyakazi wa majumbani, watu kama 15,000, siku 12. Walikuwa wakikusanyika kila siku uwanjani na uwanja wenyewe wakaupa jina Kiwanja cha Maskini. Aliyekuja kuwa kiongozi wao ni Chege Kibachia, na Agosti mwaka huo huo serikali ikamkamata ikampeleka kuishi kizuizini Kabarnet. Mishahara ilikuwa midogo, bei za vitu zilikuwa zimepanda na vita, na nyumba zilikuwa shida kubwa, kiasi kwamba hata mgomo wa nyuma yake, wa 1939, ukiusoma unakuta kodi ya nyumba imekaa katikati. Mtu alikuwa akifanya kazi siku nzima na bado chumba kinamshinda.

Sasa ukitaka kusoma habari hizi utaenda Nairobi nyaraka za taifa, au ukipata nauli utaenda Kew kule London ambako barua za koloni la Kenya zimewekwa kwenye faili za CO 533. Na humo ndani utakuta wanaozungumza ni maafisa wa kazi, polisi, mameneja wa makampuni. Kuli mwenyewe anatajwa tu. Profesa alikuwa na swali moja ambalo faili hazikumjibu hata azigeuze vipi: kibarua anayelipwa kwa siku, asipofanya kazi leo hana pesa ya leo, siku 12 alikula nini? Faili imeandika mgomo ulianza lini na ukaisha lini na nani alihutubia, lakini nani alipika haimo. Swali hilo mimi nililipenda tangu siku ya kwanza na mpaka leo nalipenda. Na haraka ilikuwepo, manake aliyekuwa na miaka kumi wakati ule sasa anakaribia tisini.

Basi tukapeleka wanafunzi. Makaratasi yote yalikuwa sawa, kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, kipo, barua ya chifu ipo, fomu ya ridhaa ipo. Kundi la kwanza lililokwenda kwa huyu bibi lilikuwa vijana wa kiume watatu, wawili wageni wa pwani, wakafika saa nane mchana jua kali, rekoda mkononi, wakabisha hodi na kabla hata salamu hazijaisha wakatoa fomu. Bibi akawaambia kichwa chamuuma. Wakarudi wakaandika kwenye ripoti "mhojiwa hakutoa ushirikiano". Niliposoma ile sentensi nilisikia vibaya sana, manake wao ndo hawakumshirikisha yeye, wamemkuta mtu mzima wakati wa kupumzika, nyumba ina wanawake peke yao, halafu wanamlaumu.

Wiki ya pili tukapeleka wasichana wawili, mmoja wa Likoni. Wakaenda baada ya Alasiri, wakamkuta anachambua mchele uani, wakakaa chini wakachambua naye. Huyo wa Likoni anamwita bibi kama anavyomwita wa kwao, anamsikiliza bila kumkatiza, na bibi akafunguka kwa muda wa saa moja na dakika arobaini. Ile rekodi nimeisikiliza mara nyingi. Kwa wanaojua sauti za watu wazima wa Mvita, bado wanaosema mtele, ndia, mato, utaelewa nikisema ni raha kuisikiliza hata kabla hujafika kwenye historia yenyewe.

Na historia ilikuwepo. Bibi alisema mama yake alikuwa akipika mahamri na mbaazi alfajiri, makuli wanapita wanakula, jioni wakilipwa wanarudi kulipa. Ulipoingia mgomo mama hakuacha kupika. Unga alikopa dukani, makuli wakakopa kwake, kila mmoja na mistari yake ya makaa ukutani nyuma ya mlango, mstari mmoja sahani moja. Bibi alikuwa mtoto wa miaka minane hivi na kazi yake ndo ilikuwa hiyo, kuchora mistari. Hebu fikiria. Daftari zima la mgomo wa Mombasa limekaa ukutani kwa makaa na aliyeliandika ni mtoto wa kike ambaye hajaenda shule.

Msichana wa Likoni akauliza, swali zuri tu, la kawaida: bibi, ukuta wenyewe ni huu? Bibi akajibu ukuta ule ulivunjwa zamani, nyumba ilijengwa upya, lakini kiwanja ni hiki hiki, baba alipewa kwa mdomo na mwenye ardhi, tukawa twalipa kodi ya kiwanja miaka na miaka, karatasi hatuna. Akaendelea na habari za mahamri.

Hiyo ndo sentensi yenyewe. Kwa mtu wa mbali haina kitu, kwa mtu wa Mombasa ni moto. Huku kwetu kuna nyumba bila ardhi, yaani wewe una nyumba na mwingine ana ardhi iliyo chini yake, watu wamezaliwa na kuzikwa kwenye mpango huo. Na sheria ya Kenya inampa nafasi mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwenzake miaka 12 waziwazi bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kwenda kortini akadai iwe yake. Lakini ukiwa umekaa kwa ruhusa, au umekuwa ukilipa kodi, mlango huo kwa kawaida umefungwa kwako. Kwa hiyo bibi akisema tulipewa, akisema tulilipa, anasema ukweli wake na huku anawakata wanawe miguu bila kujua. Wakati huo huo warithi wa mwenye ardhi walishaanza kuzungumza habari za kuuza. Sisi hatukujua. Hatukuuliza.

Maandishi ya rekodi yakawekwa kwenye grupu la wasap la darasa, jina la bibi limo, mtaa umo. Nani aliwaambia waweke kule? Mimi. Nilitaka niyasahihishe haraka na grupu lilikuwa rahisi kuliko kupokea barua pepe arobaini. Darasani kulikuwa na kijana wa mtaa ule ule, akaona habari za nyumbani kwao akafurahi, akamtumia binamu yake, binamu akatuma kwingine. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Siku ya tatu mjukuu wa bibi akaisoma kwenye simu yake.

Mtoto mkubwa wa bibi akaja mpaka kampasi. Mtu wa makamo, mpole, kanzu yake safi, hakupiga kelele. Alikaa mbele ya profesa akasema, "Mwalimu, mamangu amewapa maji ya kunywa, nyinyi mmempa kesi." Halafu akanyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango na sikujua niweke wapi macho.

Sasa hapa ndo pa kuchambua. Profesa alikuwa na njia za kujikinga na watu wa ofisini walimkumbusha zote. Fomu ipo, bibi ameweka dole gumba. Sheria ya kulinda data ya 2019 ina kifungu chake kinachowapa nafasi watu wa utafiti na historia. Wasichana walifuata utaratibu. Wakili mzuri angelisimama na hayo. Lakini fomu ilikuwa ya Kizungu, imesema rekodi itatumika kwa shughuli za kitaaluma, na bibi alisomewa kwa haraka mwishoni wakati maghribi inaingia na wasichana wanataka kuwahi feri. Profesa akasema maneno ambayo mimi nayashika mpaka leo, kwamba bibi alikubali kuwasimulia wale wasichana wawili, hakukubali kuwasimulia warithi wa mwenye ardhi. Na ile sheria ya 2019 pia inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote, hiyo ofisini hawakuitaja.

Alifanyaje. Siku ile ile akaagiza yale maandishi yafutwe kwenye grupu na akawapigia wanafunzi simu mmoja mmoja, ingawa alijua kilichotumwa kimeshatumwa. Hakuandika barua ya kuomba radhi yenye muhuri. Alikwenda mwenyewe, nikamfuata. Mara ya kwanza hatukukaribishwa ndani, tukakaa barazani na mtoto wa bibi, profesa akamweleza kila kitu, nani ameona, nani ametuma, kosa ni letu, na kwamba kuna makala anaandika na habari za mama yake zimo. Mara ya pili tukapewa kahawa. Mara ya tatu tukaenda na wale wasichana, na bibi ndo akatoka akakaa nasi.

Wanawe walitaka yote yafutwe, na haki wanayo. Profesa akasema sawa, nitafuta mbele yenu sasa hivi. Bibi ndo akakataa. Akasema, "Kiwanja kitoweni. Mama msimtowe. Mamangu hajaandikwa popote." Ilibidi wanawe wanyamaze manake aliyesema ni mwenye maneno yake. Sote tulikuwa tunazungumza kama bibi ni mtu wa kulindwa tu, na yeye alikuwa na analolitaka kwenye ile historia, anataka mama yake abaki.

Njiani kurudi tukiwa kwenye tuktuk mimi na profesa tulibishana. Mimi nilisema ile sentensi iondolewe kwenye makala lakini rekodi kamili tuifunge idarani, isifunguliwe miaka thelathini, manake kodi ya nyumba na kodi ya kiwanja ni sababu mojawapo ya watu kugoma, na ushahidi wa mtu aliyeishi kwenye kiwanja cha mwenzake ni ushahidi ambao hatutaupata tena. Profesa akaniuliza kabati la idara ufunguo anao nani. Sikuwa na jibu, ufunguo unaning'inia ukutani kwa sekretari na kila mtu anaujua. Basi rekodi kamili ikawekwa kwenye flashi wakapewa familia, idarani ikabaki ile iliyokatwa. Habari za kodi kwenye makala akazitoa kwenye nyaraka za mgomo wa 1939 ambazo ziko wazi kwa kila mtu. Mimi bado naona kitu kimepotea hapo, na bado naona alifanya sawa, na sijaweza kuyaunganisha haya mawili.

Makala yalipokaribia kuisha akafanya jambo ambalo sijaona wengi wakilifanya. Aliyageuza kwa Kiswahili, yote, siku kadhaa za kazi, akaomba uani kwa bibi, majirani wazima wakaja, wanawake upande mmoja na wazee wa kiume upande mwingine, wanafunzi chini kwenye mkeka, akasoma kwa sauti. Na usidhani ilikuwa sherehe. Alisahihishwa kama mwanafunzi. Alikuwa ameandika kwamba mama yake bibi "aliwasaidia wagomaji kwa chakula". Bibi akamkatiza papo hapo: si msaada, ni deni, na walilipa. Akaeleza kuwa kazi iliporudi makuli walikuja wiki baada ya wiki kulipa kidogo kidogo, na yeye ndo aliyekuwa akifuta mistari kwa kitambaa kibichi, wengine iliwachukua mpaka mfungo ukaingia. Mzee mmoja akadakia kwamba amiye alipomaliza kulipa alikuja na mkungu wa ndizi juu yake. Mwingine akasema wa kwao hakulipa mpaka amekufa, na bibi akamjibu namjua, mistari yake saba.

Neno hilo moja likageuza makala yote. Kusema msaada ni kusema kuna mtu mwenye huruma na mtu mwenye njaa. Kusema deni ni kusema mwenye duka alimwamini mama, mama akawaamini makuli, na mgomo ulisimama juu ya kuaminiana kwa watu ambao faili haziwataji, na hao hao wangeliweza kuuvunja siku ya nne kwa kusema leo sikopeshi. Profesa alirudi akaandika upya karibu nusu ya kazi. Ukiniuliza mimi, ile jioni ilimpa kitu ambacho Kew isingempa hata akae mwaka, na alikipata kwa sababu alikwenda kuomba radhi.

Gharama yake pia niiseme. Makala yalichelewa karibu mwaka. Kwenye kupandishwa cheo makala yaliyochapishwa yanahesabiwa, na yeye raundi ile ilimpita. Wanafunzi maksi zao zilichelewa na wengine walilalamika, na walikuwa na haki, mtu anasubiri kumaliza hajali mambo ya mistari ya makaa. Kwenye fomu ya mwaka ya chuo kuna sehemu ya kufundisha, ya utafiti na ya huduma kwa jamii, na ile jioni ya uani hatukujua tuiandike wapi. Ilikuwa darasa bora wanafunzi wale waliowahi kukaa, ilikuwa utafiti, na ilikuwa ni watu wa mtaa kurudishiwa chao. Tukaiandika kwenye huduma kwa jamii na sehemu yenyewe imeuliza kitu kimoja tu, idadi ya waliohudhuria. Nikajaza 31.

Darasa lililofuata mambo yalibadilika. Maswali ya nyumba na kiwanja yametolewa kabisa, mtu akiyagusa mwenyewe mwanafunzi anazima rekoda na kuuliza kwanza. Maandishi ya rekodi yana namba, jina linakaa kwenye daftari moja kwa profesa. Grupu la wasap ni la ratiba tu. Hatupeleki vijana watatu wa kiume kwa mtu mzima wa kike. Wa kutoka bara hatuwazuii, wengine wao ndo wasikilizaji wazuri kuliko wetu, ila wanakwenda kwanza siku moja bila rekoda, kusalimia tu.

Na fomu ya Kizungu imekufa. Profesa aliandika karatasi mpya ya Kiswahili, nusu ukurasa, inasomwa kwa sauti mwanzoni na sio mwishoni, na akaipeleka kwa bibi aisikilize kabla haijapigwa chapa. Mstari wa kwanza ulikuwa unasema "Nimekubali kuhojiwa". Bibi akasema hapana, kuhojiwa ni kwa polisi, mimi hapa mmenihoji nini? Tukamuuliza basi tuandike vipi. Akafikiri kidogo, akarudi kwenye sinia lake la mchele.

"Andikeni nimekubali kuhadithia. Na muweke nafasi ya kuandika yale ambayo sikukubali."

Nafasi ipo, mistari mitano chini ya karatasi.